Bunduki Mbili za Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni fundi saa, na mtaa mzima unamwita Ngoja Kwanza. Hakupewa jina hilo bure. Siku ya ndoa yake aliulizwa kama amekubali, akajibu, "Ngoja kwanza," mpaka bibi harusi akamkanyaga mguu. Nilikuwa safu ya mbele na kiatu nakikumbuka: cheupe, kisigino kirefu, chembamba kama msumari.

Kila msimu wa nguruwe pori alitoka na klabu ya wawindaji. Kuwinda, hakuwinda. Alikuwa mbebaji. Wenzake wakichoka humtwika bunduki zao, hasa daktari wa meno, ambaye alikuwa akichoka kabla hata hajashuka garini. Mdogo wangu alirudi nyumbani bega limevimba, nikimkanda kwa maji ya moto ananiambia, "Dada, iko siku nitabeba ya kwangu." Mwanamume mzima halii kwa sababu ya mzigo, lakini yeye ilikuwa nusura.

Basi klabu ikachezesha bahati nasibu, na karatasi yake ikatoka. Zawadi yenyewe bunduki ya kifahari, katika zile ambazo chuma hutoka kiwandani lakini kitako hukatwa kwa vipimo vya mwenyewe, kama suti. Mshindi achague moja kati ya mbili. Ya kwanza ina kitako cha mbao ya mjozi, imeng'arishwa mpaka unajiona uso, nayo nzito. Ya pili ina kitako cheusi cha nyuzinyuzi zilizogandishwa kwa gundi, nyepesi, utadhani umeshika mwavuli. Asipochagua mpaka siku ya mkutano wa klabu, zawadi inakwenda kwa aliyemfuatia. Na aliyemfuatia alikuwa nani? Daktari wa meno.

Fundi wa bunduki alimjua mteja wake. Alimpa vitako viwili vya mfano, kimoja cha mbao na kimoja cheusi, vimefungwa bomba la maji mahali pa mtutu, akae navyo nyumbani avizoee. Loo! Alikaa navyo kama mtu mwenye wake wawili. Alivigawia zamu ya kukaa naye mezani. Alikwenda navyo msibani, kimoja kila bega, wafiwa wakadhani marehemu alikuwa mwanajeshi na wao hawakuambiwa. Mke wake akahamia chumba cha watoto. Hakuwa na hasira, ila kitanda kilijaa.

"Wifi, mwambie mdogo wako achague," alinililia.

"Tangu darasa la kwanza namwambia achague mkono wa kuandikia. Mpaka leo anabadilisha."

Mtaa ukagawanyika. Kinyozi alikuwa upande wa mbao, akisema kitu kizuri lazima kiwe kizito. Muuza mkaa alikuwa upande wa nyeusi, kwa kuwa, alisema, mbao yeye anaujua mwisho wake.

Ikafika siku ya kupimwa. Mdogo wangu akagoma kwenda, anaogopa fundi atamuuliza anataka ipi. Sasa, kwetu sisi kuna utaratibu. Mama yetu alikuwa na watoto wengi na nafasi kidogo, kwa hiyo kwa fundi cherehani alimtuma yeyote asiye na kazi akapimwe kwa niaba ya mwenye nguo. Nguo zilitukaa, au sisi tulizikalia. Hata suti ya harusi ya mdogo wangu ilipimwa kwenye mwili wangu.

"Dada, nenda wewe," akaniomba. "Mabega yetu si yale yale?"

"Yangu yamenyooka zaidi," nikamwambia, maana ndiyo kweli. Nikaenda.

Fundi akachungulia nyuma yangu. "Mama, mshindi yuko wapi?"

"Nimekuja badala yake. Pima."

Akapima mkono, shingo, shavu, hadi upana wa kiganja. Akanifumbisha jicho moja, nikalenga ukutani. Akasema sitetereki, nimezaliwa na shabaha. Sikushangaa. Uzi na sindano natunga bila miwani hadi leo. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia ni ipi, akazitengeneza zote mbili kwa vipimo vyangu.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mdogo wangu akaiweka ya mbao begani, mtutu ukatazama dari. Akaiweka nyeusi, dari tena. Mimi nina mikono mirefu; yake, Mungu amjalie, ni ya kobe. Mwenyekiti akanipa mimi. Zote mbili zikasimama sawasawa, zinatazama paji la uso la daktari wa meno.

"Teremsha, bibi!" akapiga kelele. "Mmeona? Hizi si zake! Zawadi ihamie kwangu."

"Sharti ni achague," mwenyekiti akasema. "Halikusema imtoshe."

Fundi akamshika mdogo wangu mkono. "Ndugu yangu, chukua ya mbao. Nitaikata kwa msumeno, jioni inakukaa. Hii nyeusi ikishaganda haipunguzwi, utaishi nayo hivyo hivyo."

Watu wakashusha pumzi. Jambo limekwisha, hata kuku angechagua. Mdogo wangu jasho linamtiririka. "Ngoja kwa..."

"Njia mbili zilimshinda fisi," nikamkatiza. "Wewe si fisi, wewe ni mtoto wa mama yangu. Sema!"

Akaitundika ya mbao begani, akatembea hadi mlangoni, akarudi. Akaitundika nyeusi. Akatembea hadi mlangoni, akatoka, akazunguka uwanja mzima, tunamfuata kwa macho dirisha hadi dirisha. Daktari wa meno anachungulia saa yake. Kisha mdogo wangu akarudi, hahemi.

"Hii," akasema. Nyeusi!

Ukumbi ukalipuka. Kinyozi akaondoka bila kuaga. "Utapigaje nayo?" fundi akauliza, karibu alie.

"Nani kasema nitapiga? Maisha yangu yote nimebeba za watu. Hii haiumi."

Msimu ulipofunguliwa nilikwenda kushuhudia mwenyewe. Alikuja amevaa kofia, bunduki yake begani, mfukoni hana hata risasi. Daktari wa meno akafungua mlango wa gari, akamnyooshea ya kwake kama siku zote, bila hata kutazama.

"Bega limejaa, daktari," mdogo wangu akamwambia.

Daktari akamtazama juu hadi chini, akaona bega la pili ni tupu. "Na hilo jingine?"

"Hilo linapumzika."