Nyuzi Mia na Kumi na Mbili

Watu wa machimbo ya Mwabasita walimwita Mama Vipimo kabla hawajajua kwamba ana binti anayeitwa Limi. Jina lake mwenyewe ni Kudra. Alizaliwa Ujiji, akasomea upimaji wa ardhi ngazi ya cheti, akafanya kazi kwenye barabara mpaka mradi ukaisha, kisha akaolewa na mfanyabiashara wa mpunga wa Kahama. Ndoa ilipovunjika hakurudi kwao. Alipanga chumba Katoro, akawa anazunguka machimboni na begi lake mgongoni, akitafuta mtu wa kumwamini.

Kazi aliyoitafuta ni ya kupima maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, pamoja na njia zinazotoka humo na kupita chini kwa chini kufuata mwamba. Wachimbaji wa duara moja wakitobolea kwenye njia ya jirani, mapanga huchomolewa. Kwa hiyo wenye maduara walikuwa wameanza kuona faida ya kuwa na mtu anayejua nani amefika wapi. Ila mwanamke haingii shimoni. Wanasema dhahabu inakimbia. Aliyeuvunja mwiko huo ni Edward, msimamizi wa duara namba saba, mtu mrefu mwenye sauti ya chini.

“Dhahabu ikimkimbia Mama Limi, nitaifuata mimi mwenyewe,” aliwaambia wenzake. Akamfunga Kudra kamba kiunoni kwa mikono yake, akamshusha.

Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja mwaka na nusu. Edward alishika mwisho wa futi, Kudra akasoma dira. Vipimo viliandikwa kwenye daftari ambalo Edward alikaa nalo, na kila wiki Kudra aliviingiza kwenye kompyuta yake ya mkononi, ya mtumba, aliyoinunua Kahama kwa fundi mmoja anayeitwa Adam. Mashine ilikuwa kuukuu, Windows ikiielemea, ndiyo maana Adam alimwekea Linux, mfumo mwepesi zaidi. Na humo programu ya kuchorea njia za ardhini ilipatikana bure. Kudra aliizoea taratibu, akajifunza kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi bila kuogopa.

Jumanne moja ya mwezi Machi, baada ya mvua ya siku nne, simu yake iliita saa mbili asubuhi. Alikuwa Chacha, mwenyeji wa Tarime, aliyeongoza kikosi cha uokoaji cha wachimbaji wenyewe.

“Mama Limi, saba limetitia. Watu watano wako chini. Edward yumo. Njoo na mashine yako.”

Alipofika kwa bodaboda, matope yakiwa yamemfika magotini, alikuta mdomo wa duara namba saba umezibwa na udongo mwekundu na vipande vya matimba, zile nguzo za kuzuia kuta. Chacha hakumsalimia. Alimvuta mkono mpaka kwenye turubai ambako jenereta ilikuwa inanguruma.

“Tukipita juu, kifusi kinashuka tena. Tutaingilia pembeni. Kuna duara la zamani upande wa mashariki na lingine kaskazini, yote yamejaa maji. Pampu tunayo moja. Niambie njia ya namba saba imeishia karibu na lipi.”

Kudra alifumba macho kutafuta picha ya ile njia. Hakuiona. Mwezi Januari Edward alikuwa ameikunja njia mara mbili kuufuata mwamba, na yeye aliingiza namba zile bila kuzitafakari, kwa sababu namba zinatunzwa na mashine, si na kichwa.

“Daftari liko wapi?” aliuliza.

“Liko na Edward, chini.”

Akafungua kompyuta juu ya boksi la misumari. Ikawaka. Akafungua programu, akabofya ramani, mistari ikaanza kujichora polepole kutoka juu. Kabla haijafika chini, kioo kikawa cheusi. Akawasha tena. Safari hii, kabla ya kuzima, mashine ilitupa mstari mmoja: joto limefikia kiwango cha hatari, inazimwa.

Alidhani amejua ugonjwa. Mwabasita ni vumbi la mwamba mwaka mzima. Linaingia hata kwenye sukari. Akaazima bisibisi kwa fundi wa jenereta, akafungua mfuniko wa chini, akakuta feni imevaa vumbi kama blanketi. Alilitoa kwa brashi ya viatu na kwa pumzi yake mwenyewe. Akafuta dawa ya kupitishia joto iliyokuwa imekauka juu ya chipu, akasubiri pikipiki ilete nyingine kutoka Katoro, akapaka, akafunga skrubu moja moja. Saa tano ikampita akiwa bado ameinama.

Wakati huo ndipo Salome, mke wa Edward, alipofika. Alikuwa amefunga kwenye kanga shati na kaptula safi za mumewe, kwa kuwa waliomfuata nyumbani walimwambia anatolewa na amelowa.

“Shikamoo, Mama Limi,” alisema. Neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

“Marahaba, mdogo wangu.”

Salome aliketi juu ya dumu, macho yake kwenye ile kompyuta kama vile mumewe angetokea humo.

Kudra akawasha. Feni ilizunguka vizuri, ikipuliza upepo safi. Akahesabu: dakika moja, mbili, tatu. Ya nne, kioo kikafa.

“Mayu wane,” Salome alinong'ona kwa Kisukuma, akimlilia mama yake.

Kudra aliwasha mara ya nne, ya tano. Kila mara dakika nne au pungufu, na kila mara ramani ikiishia juu, kwenye sehemu ambayo kila mtu aliijua. Alijaribu kuzisoma namba zenyewe bila kuchora ramani, lakini zilikuwa mamia, na kila moja ilitegemea iliyotangulia. Chacha alikuja akasimama nyuma yake.

“Dada, siwezi kusubiri zaidi. Wazee wanasema mashariki. Naweka pampu mashariki.”

“Nipe nusu saa.”

“Nusu saa ya nani?” Chacha aliuliza bila hasira, akaondoka. Saa sita kamili pampu ilinguruma upande wa mashariki.

Kudra aliweka kiganja chini ya kompyuta. Ilikuwa baridi kama sakafu ya saruji. Hapo ndipo shaka ilipomwingia kwa mara ya kwanza. Akaacha kila kitu, akapanda rundo la mawe taka, mahali pekee penye mtandao, akampigia Adam Kahama.

“Inazima kila dakika nne. Inasema joto. Nimeshasafisha feni, nimepaka dawa, na nikiishika ni baridi.”

“Basi mkono wako na mfumo havikubaliani, na mmoja wao anadanganya,” Adam alisema. “Ukiwasha, usifungue ramani. Fungua dirisha la amri, andika sensors, iwe inarudia kila sekunde. Mashine ina vipima joto zaidi ya kimoja. Tazama kila kimoja kinasemaje.”

Akashuka mbio, akateleza, akachubuka kiwiko. Akawasha, akaandika. Namba zikajipanga: viini viwili vya chipu, nyuzi arobaini na tatu na arobaini na tano. Kipima cha tatu, cha kwenye ubao mkuu wa mashine, arobaini na moja. Akakodoa macho. Arobaini na moja, arobaini na moja, arobaini na mbili. Kisha, ghafla, mia na kumi na mbili. Sekunde iliyofuata, arobaini na moja. Halafu tena mia na kumi na mbili, na kioo kikazima.

Hata sufuria kwenye mkaa hupanda polepole. Hakuna chuma kinachoruka nyuzi sabini kwa sekunde moja na kurudi kilikotoka sekunde ya pili. Na vile viini viwili, vilivyokuwa pembeni tu, havikutikisika. Joto halikuwepo. Kilichokuwepo ni kipima kibovu kilichokuwa kinapiga kelele za moto, na mfumo mtiifu uliokuwa unamwamini.

Wazo la pili likamchoma: saa mbili nilizosafisha feni zilikuwa za bure. Ningesoma namba kwanza.

Akapanda tena rundo la mawe.

“Ndicho hicho,” Adam alisema alipomaliza kueleza. “Labda unyevu, labda kimekufa tu. Tunaweza kuuambia mfumo usizime hata kikifika kiwango cha hatari. Lakini sikiliza, mama. Kama tumekosea na joto ni la kweli, ubao utaungua, na kwenye mashine hiyo diski imechomelewa kwenye ubao. Ramani itaondoka nayo.”

Kudra alitazama chini. Aliwaona watu wa pampu, na Salome akiwa amesimama sasa, furushi kifuani.

“Nisomee,” alisema.

Adam akamsomea herufi kwa herufi, naye akaandika kwenye kipande cha boksi: thermal.nocrt, alama ya sawasawa, moja. Akamwelekeza asimamishe mashine inapoanza tu kuwaka, abonyeze herufi e, atafute mstari unaoanza na linux, aongeze maneno hayo mwishoni.

Mara ya kwanza vidole vilimponyoka, akaruka herufi moja, na dakika ya tatu mashine ikazima. Alipiga kelele. Fundi wa jenereta aligeuka kumtazama. Akafuta mikono kwenye sketi, akaanza upya, akisoma herufi kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Dakika ya nne ilipita. Kwenye kona ya kioo mia na kumi na mbili ikatokea, ikapotea, ikatokea tena. Mashine haikuzima. Kiganja cha Kudra kilikuwa chini yake, tayari kuhisi moto, na hakikuhisi kitu. Kabla ya kuitazama ramani aliinakili kwenye flashi. Kisha akaiacha ijichore. Mistari ilishuka, ikajikunja mara moja, ikajikunja mara ya pili, ikaishia.

Kutoka duara la mashariki, mita kumi na moja. Kutoka la kaskazini, mita mbili na nusu.

Aliziandika namba hizo kwenye kile kipande cha boksi, akakimbia nacho.

“Chacha! Kaskazini! Kaskazini, kina cha mita ishirini na nane!”

Chacha aliitazama pampu iliyokuwa imefanya kazi karibu saa mbili.

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

“Zimeni!” alipaza sauti. Watu wanane wakaibeba pampu, mabomba yakiburuzwa kwenye matope, wakaipeleka kaskazini.

Walivuta maji mchana ule wote na usiku wote, kisha wakachimba kwa zamu za dakika kumi kumi. Saa nne asubuhi ya Jumatano sululu ya Chacha ilitoboka upande wa pili, pale pale ilipoonyesha ramani. Wakatolewa watu watatu wakiwa hai, vipofu kwa mwanga, midomo imepasuka. Baada yao wakatolewa wawili waliofunikwa maturubai. Edward alikuwa wa mwisho.

Mmoja wa waliopona alikuwa anaongea mfululizo kama mlevi. Alisema hewa iliisha upande wa chini kwanza, na Edward ndiye aliyekaa huko, akiwainua wenzake. Alisema Edward alikuwa anawahesabia majina ili wasilale. “Alfajiri alikuwa bado anatuita,” alisema. “Alfajiri bado.”

Kudra alisikia, akaenda kukaa nyuma ya turubai. Alfajiri. Saa mbili za feni, saa mbili za pampu mashariki. Alizijumlisha na kuzitoa, akazijumlisha tena, na siku zilizofuata hakuweza kuacha. Wachimbaji walimshika mkono, wakamwambia bila yeye wangetoka maiti watano. Kichwa chake kilikubali. Usingizi haukukubali.

Alikaa wiki sita bila kushuka shimoni. Adam alipoifungua mashine Kahama alikuta kutu ya kijani kwenye ubao, karibu na kile kipima, mahali ambapo unyevu uliingia. Alimwonyesha kwa ncha ya bisibisi: doa dogo kuliko punje ya mtama. Kudra alilitazama muda mrefu, akaomba maji ya kunywa. Siku hizi anafanya kazi upande wa Masumbwe. Ramani ya kila duara anaichapisha kwenye karatasi, anaibandika kwa mkono wake kwenye ubao wa matangazo nje ya duara, na msimamizi asiyetaka kuibandika anamwambia atafute mpimaji mwingine.

Kabla hajahama, Salome alimfuata chumbani kwake Katoro. Alikataa chai.

“Nataka kuona alipokuwa,” alisema.

Kudra akaifungua kompyuta. Ramani ikajichora mpaka mwisho. Akaonyesha.

Salome aliweka kidole juu ya kioo. “Hapa?”

“Hapo.”

“Na nyie mlikuwa wapi?”

Kudra akamwonyesha duara la kaskazini. Salome alisogeza kidole kutoka alama moja kwenda nyingine. Hakikuwa na mahali pa kwenda. Kucha yake moja ilifunika zote mbili.

“Mbona ni karibu hivi,” alisema Salome.