Nusu ya Baba

Baba alimlalia dada kifuani, akambana pua kwa vidole viwili, na alipofungua mdomo apate hewa akammiminia mafuta ya mkia wa kondoo, bado ya moto. Dada alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi, wa miaka kumi na miwili, ndiye niliyemshika miguu. Teke la kwanza lilinipata kwenye meno. Nikazidi kukaza mikono, tena kwa hasira, maana kila alipotapika, kesho yake tulirudia.

Kwetu Hirbadaw mtu aliyepungukiwa damu alinyweshwa mafuta. Mzazi aliyetoka kujifungua alipewa, akapona. Dada alikuwa amepauka viganja, akipanda kilima na ndoo alipumzika mara tatu, na machoni alikuwa na ukungu wa kijivu. Baba alikuwa dereva wa kombaini kwenye shamba la ngano la serikali, na hakuwa mtu wa kungoja. Mashine ikigoma, aliipiga nyundo. Alichinja kondoo wanne. Kadiri dada alivyonyweshwa, ndivyo miguu ilivyovimba na mkojo ukawa na povu.

Ndipo akamgeukia mama. "Damu ya kwenu mbovu! Umeniletea uchafu nyumbani!" Alimpiga kwa mpini wa jembe mpaka mkono ukavunjika. Niliusikia ukivunjika. Mama alisema tu, "Mtoto apelekwe hospitali," baba akapiga tena, mama akasema tena, mpaka majirani wakaja wakamshika baba. Kesho yake trekta la shamba liliwapeleka mama na dada mjini, mimi nikafuatana nao kuwapikia.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyehamishiwa kwetu kutoka Pwani. Alimfunga mama plasta, akamlaza dada, akapeleka damu yake mbali kupimwa. Majibu yalichukua miezi. Yaliporudi, mkono wa mama ulikuwa umeshaunga, umepinda, na baba aliitwa akaja na vumbi la shamba kwenye nyusi. Tukakaa kando ya kitanda cha dada.

"Kwenye damu kuna kimeng'enya kinachoshughulikia mafuta," daktari alisema. "Binti yenu amezaliwa hana. Mafuta yanabaki, yanajibandika kwenye utando wa chembe nyekundu." Akachora duara lenye doa katikati. "Chembe inakuwa bapa namna hii, na haidumu. Mafuta hayo hayo yanaharibu macho na figo. Msimpe tena."

Nilivuta shuka nikamfunika dada miguu.

"Ugonjwa huu kautoa kwa mama yake?" baba aliuliza.

"Hapana, baba. Ingekuwa mzazi mmoja tu, asingeugua. Kila mmoja wenu amempa nusu."

Mama akamgeukia baba. "Na hiyo nusu yako, nani ataipiga?"

Baba akamzaba kofi, pale pale mbele ya daktari. Nilimrukia nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, na aliponitupa ukutani niliokota gongo la mgonjwa wa kitanda cha jirani nikampiga usoni, mara mbili, mara tatu. Hakujikinga. Shavu lilichanika. Kisha akakunja mkono wa shati, akamnyooshea daktari. "Nitoe damu. Mpe yangu."

Walipima, ikalingana. Alitoa mara tatu. Kila mara dada alipata rangi, akacheka, akadai chai. Halafu chembe za baba nazo, zikiwa ndani ya dada, zilivaa mafuta yale yale, na rangi ikaondoka. Figo zilimmaliza kabla ya mavuno.

Siku ya mazishi nilimkuta baba nyuma ya zizi analia kwa sauti. Aliponiona alisema, "Hata damu yangu imeshindwa, mwanangu." Nilifurahi kumsikia akikiri hivyo. Nimezeeka sasa, na furaha ile bado naionea haya.