Shati la Papa na Kipepeo wa Kunde

Nilikuwa bado mtoto, pale Mangobo, mjini Kisangani, askari walipomchukua papa, baba yangu, na kumpeleka kambi ya Kapalata kwa sababu ya mzaha mmoja kuhusu Chama kilichotawala. Mzaha wenyewe haukuwa hata wa kuchekesha. Kila asubuhi mama alitembea hadi getini, na kila asubuhi walimwambia hawamjui mtu huyo.

Koko, mama yake papa, aliamini kwamba kipepeo mdogo wa buluu akitua kwenye nguo ya mtu aliye mbali, mwenye nguo yuko njiani. Basi akatundika mlangoni shati la kazi la papa, na jasho lake, akakataza lisifuliwe. Akakataza pia tusichume kunde zetu uani, maana kipepeo huyo hutaga kwenye maua yake. Na ndani hakukuwa na chakula kingine.

“Mama, batoto balale njaa juu ya badudu?” mama alimuuliza Koko.

“Bon, chuma. Halafu nani ataniletea mutoto wangu?”

Mama akaweka kikapu chini.

Sisi watu wa Kisangani tunakula viwavi. Mwaka ule viwavi walikula chakula chetu, nasi tukawalinda. Walikuwa wa kijani, wadogo kama punje ya mchele, wakitoboa maganda huku sisimizi wakiwapapasa. Kisha wakajikunja, wakawa vifuko vya kahawia. Kisha wakatoka: wadogo kama ukucha, juu buluu, chini kijivu chenye mistari, na vijimkia kama uzi.

Mmoja akaingia. Akatua kwenye kola, akanyoosha ulimi. Koko akakimbia kuteleka maji ya kuoga ya papa. Tukakodolea macho barabara mpaka maji yakapoa. Kesho yake akateleka tena. Mdogo wangu hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Papa hakurudi.

Siku hizi naambiwa kipepeo yule yuko Afrika nzima, hadi Ulaya, naye havuki kwa karatasi za safari tulizodaiwa sisi kila kizuizi. Hata Kapalata lazima alipita. Naambiwa pia hupenda chumvi, kwamba siku ile alikuja kunywa jasho la papa tu. Wanaonieleza hudhani wananitoa ujinga wa Koko. Nawashukuru. Lakini kati yetu wote tuliokuwa tukimtafuta papa, mdudu yule peke yake ndiye aliyempata, ingawa kidogo.