Mzizi Uliochorwa Ukutani

Asubuhi ile mke wa fundi viatu alikunywa chai amesimama, kama kawaida yake, huku akifunga vifungo vya koti la kazini.

"Leo kule maabara wanauwekea ule mti wao mzizi," alisema.

"Mti gani huo una matawi na hauna mzizi?" Fundi hakuinua macho kutoka kwenye soli.

"Wa viumbe vyote. Nikueleze?"

"Jioni. Sindano imekwama hapa."

"Haya. Na jioni usijifanye umelala, mzee wewe."

Akaenda akicheka. Saa nane mchana fundi aliitwa maabara. Moyo wa mkewe ulikuwa umesimama akiwa kwenye sinki, mikono ndani ya povu.

Miaka kumi na mmoja aliosha vyombo vya maabara, chupa nyembamba kama vidole. Shule hakwenda, ila alikuwa mtu wa kuuliza mpaka ajibiwe. Kila jioni akirudi, mumewe alimtania: "Karibu, mgeni." Siku ya kwanza ya ndoa mke aliingia nyumba ile na sanduku moja, akaomba maji kwa adabu kama mpita njia. Utani ukabaki huo huo, miaka arobaini.

Baada ya mazishi fundi alikwenda maabara kuchukua kandambili za mkewe. Kilichomkaa rohoni ni ile jioni ambayo haikufika.

"Nionyeshe alichotaka kunieleza," alimwomba mtafiti, mama mmoja wa makamo.

Akapelekwa ukutani. Mistari ilitanda mpaka darini: vijidudu, uyoga, nyasi, tembo, watu.

"Baba, nani ndugu wa nani tulijua. Ukoo ulipoanzia ndipo palipotushinda. Kuupata mzizi unahitaji mgeni wa nje ya ukoo wa kulinganisha naye, na kila kilicho hai ni cha ukoo huo."

"Sasa mkafanyaje?"

"Ndani ya miili kuna maelekezo ya urithi yaliyojinakili yakawa mawili kabla ukoo haujagawanyika. Nakala moja tunaipima kwa nyingine. Mkeo alisema ni kama jozi ya viatu."

Hapo fundi akaelewa. Kiatu kikiharibika umbo, unakiweka karibu na mwenzake uone kilivyokuwa. Mtafiti akagusa alama nyekundu: huku bakteria, kule vijidudu vingine pamoja nasi. Kwa wanavyoona wao, ndipo hapo ukoo ulipoanzia. Fundi akavua kofia. Mti mzima ulimtazama.

"Mke wangu alisema nini mlipoiweka alama hii?"

"Aliweka chupa chini, akapiga makofi. Akasema: 'Kumbe duniani hakuna mgeni! Fundi wangu akiniita mgeni jioni, leo tutaelewana.'"