Ntumba za Cornelia

Cornelia hakujua kusema uongo, na mbele ya baraza la ardhi tabia hiyo ilimponza. Aliulizwa kama alipanda chochote shambani kwake misimu miwili iliyopita. Akajibu, "Sikupanda, mheshimiwa." Basi. Karani akaandika, na ekari tatu alizoachiwa na marehemu mumewe Vitus, kando ya barabara ya Mpui, zikawa si zake tena.

Sheria ndogo ilisema shamba lisilopandwa misimu miwili mfululizo linarudi kijijini, apewe mwingine alilime. Hakuna aliyemuuliza misimu hiyo alikuwa akifanya nini. Naye hakuona haja ya kueleza, maana Mfipa yeyote aliyeshika jembe analijua jambo hilo. Msimu wa kwanza aliacha nyasi ziote zikomae. Wa pili alizifukia chini ya udongo, akapanga ntumba, yale matuta ya mviringo, mstari kwa mstari, ili nyasi zioze humo na kulisha ardhi. Ulezi ungefuata msimu wa tatu. Bibi wa miaka sitini na saba amefanya yote hayo peke yake, mgongo umempinda, halafu watu wazima wanaandika kwamba shamba limetelekezwa! Inatia uchungu hata kusimulia.

Shamba akapewa Andwele, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Mbeya. Cornelia akawa kibarua kwenye mahindi ya watu. Salome, mtoto wa marehemu dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekataa kunyamaza. Alitafuta wakili, rufaa ikapanda hadi Mahakama Kuu mjini Sumbawanga, ikakaa miaka mitatu, ikiahirishwa leo kwa hili, kesho kwa lile.

Siku ya hukumu jaji alisoma polepole. Alisema maneno ya sheria hayasomwi yakiwa yametengwa na sababu iliyoyaleta. Alikuwa amepitia kumbukumbu za kikao kilichoitunga, akakuta madiwani wakilalamikia watu wanaohodhi ardhi na kuiacha bure huku wenyeji wakikosa pa kulima.

"Sheria hii ilitungwa ili ardhi ifanye kazi," alisema. "Ardhi ya huyu mama ilikuwa kazini."

Akaamuru arudishiwe shamba lake. Salome alilia palepale. Cornelia alipiga magoti kushukuru, mpaka karani akamwomba ainuke.

Wiki hiyohiyo wakaenda kulitazama. Andwele hakuwa amelima hata tuta moja. Alikuwa amefyatua matofali. Udongo wote wa juu ulikuwa umechimbwa, ukachomwa, ukauzwa mjini, na mahali pa ntumba yalibaki mashimo yenye maji mekundu. Kijiji kilichompa shamba alilime hakikuwahi kwenda kumuuliza amepanda nini.

Cornelia alishuka kwenye shimo lililokauka, akapiga jembe. Likagonga mwamba. Akasogea, akapiga tena, likagonga. Akamwomba Salome amsomee pale jaji alipoeleza sheria ile ilitungwa kwa ajili gani. Salome akatoa nakala ya hukumu, akasoma.

"Amesema kweli tupu, mwanangu," Cornelia alisema. "Angeisema nikiwa bado na udongo."

Akafuta jembe kwa ncha ya kanga, wakarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi alikwenda tena kwenye kibarua.