Bangili Moja kwa Pacha

Mwalimu wa darasa la nne, ambaye meza yake iko karibu na yangu katika chumba cha walimu, alikuja shuleni na bangili ya vijiwe vyekundu. Asubuhi yote aliandika ubaoni huku amekunja mkono wa blauzi ili ionekane. Wakati wa mapumziko alitueleza kwamba kila mwezi wa mwaka una jiwe lake, na kwamba ukivaa jiwe la mwezi uliozaliwa, jiwe lile linakujua.

"Iko ya kwako peke yako," alisema akiizungusha kwenye mwanga wa dirisha. "Ata dada yako hawezi kuvaa ya kwako. Kila muntu na ya kwake."

Wenzangu walicheka, wakamuuliza kama jiwe linajua pia kusahihisha madaftari. Mimi sikucheka. Maneno yale mawili, peke yako, yalinifuata mpaka nyumbani. Nimevuka miaka hamsini na sina kitu hata kimoja ambacho ningeweza kukisema hivyo, kwa sababu mimi ni pacha.

Tulizaliwa mwezi wa pili, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, mimi na dada yangu. Yeye alitoka kwanza, kwa hiyo ndiye mkubwa. Kwetu, watu wa kaskazini mwa Katanga, majina ya mapacha hayachaguliwi. Yapo tangu zamani, la wa kwanza na la wa pili, na mtu yeyote akisikia jina lako anajua papo hapo kwamba mko wawili, na anajua wewe ni yupi. Surua ilimchukua mwenzangu kabla hatujajua kusema vizuri. Simkumbuki, wala hakuna picha yake. Lakini kwetu pacha akifa haondoki kwenye hesabu ya nyumba. Ukimpa mmoja kitu, unampa na mwingine, awe hai au awe kaburini, la sivyo mapacha wanakasirika, na hasira yao inaleta magonjwa. Padre wetu alilijua jambo hilo kama alivyojua mengine mengi, na akanyamaza.

Basi nikalelewa na marehemu. Noeli ilipokaribia, baba alileta kitambaa na mama akatushonea magauni mawili, ya kimo kimoja, ya kola moja. Langu nilivaa. La dada liliwekwa katika sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, mpaka siku ya kuwaombea marehemu ya mwaka uliofuata, ndipo mama akamtafuta mtoto wa jirani wa kimo changu na kumpa. Mara nyingi nilitoka nje nikalikuta gauni langu likiruka kamba. Kwa viatu ilikuwa vilevile, na madaftari, na hata peremende. Siku ya komunyo ya kwanza watoto wengine walishika mshumaa mmoja. Mimi nilishika miwili, nta ikanimwagikia mkononi hadi kiganjani, na mama akiwa katika benchi la mbele alinikazia macho nisithubutu kulegeza vidole.

Sikuruhusiwa kulalamika, maana wa kulalamikiwa alikuwa mtoto mwema kuliko wote. Hakuwahi kupata sifuri katika hesabu. Hakuvunja sahani wala kumjibu mtu vibaya. Kila nilipokosa, mama aliugua na kusema kwamba mwenzangu asingefanya vile, na mimi sikuwa na namna ya kumpinga.

Tena kulikuwa na sheria nyingine, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Kitu kikiwa kimoja, ni cha mkubwa. Niliijua siku shangazi alipokuja kututembelea kutoka Mokambo, mpakani. Alikuwa amevuka upande wa Zambia na kuninunulia mwanasesere wa plastiki, mwenye nywele za njano na macho yanayofumba ukimlaza. Shangazi alisahau, au alifikiri miaka imepita. Nilimshika yule mwanasesere kwa muda wa mama kuweka maji ya chai motoni. Kisha mama akageuka, akamwona.

"Iko moya?" alimuuliza shangazi.

"Iko paka moya, dada, moya tu. Ya mutoto."

"Basi iko ya mukubwa," mama alisema, akamtoa mikononi mwangu bila ukali wowote, akaenda kumlaza katika sanduku la bati. Vitu vya kuvaa viligawiwa kwa watoto wa jirani, lakini yule hakutolewa kamwe. Kila nilipofagia chini ya kitanda na kuligusa sanduku kwa ufagio, nilimsikia akigonga ndani.

Nilipokuwa msichana alikuja kunichumbia mwanamume niliyempenda, wa familia ya wauza samaki kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula. Wajomba zake walikaa sebuleni kwetu, wakanywa, wakataniana na baba, mambo yakaenda vizuri mpaka mama alipotaja vitu vya kuleta. Kila kitu mara mbili. Suti za baba mbili, mbuzi mara mbili, vitenge vya mama mara mbili, na mahari yenyewe mara mbili, ya mkubwa ikitangulia. Mjomba mmoja alisikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake.

"Siye tulikuya kuoa muntu moya," alisema.

Hawakurudi. Yule mwanamume sasa ana wajukuu, na tunapokutana sokoni ananisalimia kwa heshima nyingi mno. Mama hakusema kitu juu ya jambo lile isipokuwa kwamba watu wa Luapula hawana adabu kwa mapacha. Nilimchukia mama miaka kadhaa kwa ajili hiyo, halafu nikachoka, nikabaki kumchukia mwenzangu, kwa kuwa yeye hakuzeeka wala hakuumwa miguu.

Ndiyo maana habari ya jiwe la mwezi ilinipata vibaya vile. Jumamosi iliyofuata nilienda mjini, kwa mafundi wanaouza vitu vya malakiti, lile jiwe la kijani. Mmoja wao, mtu mzima aliyejaa vumbi la kijani hadi kwenye nyusi, alikuwa na kisahani cha vijiwe vya kila rangi.

"Mwezi gani, maman?"

"Ya pili."

Akanitolea vijiwe vya zambarau, akaniambia ni amethisto. Rangi ya Kwaresima, rangi ya joho la padre kwenye misa ya wafu. Nikasema moyoni kwamba hata mwezi wangu umenichagulia matanga. Lakini vilikuwa vizuri. Alipoviinua juani, ndani yake kulikuwa na kitu kama divai, na nilivitaka kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya mwanasesere. Fundi akanipima mkono kwa uzi, akaanza kuvitunga. Kisha akachukua kibati kidogo cha shaba cha kufungwa katikati, na msumari wa kuandikia.

"Niandike jina gani?"

Nikamtajia. Nilitaja kama mtu yeyote anavyotaja jina lake akiulizwa, na msumari ukasimama hewani.

"Maman, uko mapasa."

"Njo vile."

"Uko wa pili. Mukubwa eko wapi?"

"Alikufaka zamani, tulikuwa batoto."

Aliweka msumari mezani. "Basi nitafunga mbili."

"Nataka moya."

"Maman, moya siwezi. Miye pia niko muntu wa kule juu, kaskazini. Niko na batoto mu nyumba. Mapasa bakikasirika, magonjwa haitakuya kwako, itakuya kwa ule alikuuzishia."

"Mapasa njo miye. Sikasirike."

"Weye haukasirike," alisema, akashusha macho chini, kwenye udongo. "Na yee?"

Huku akisema hivyo vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kutunga nyingine. Alizilaza mbili kwenye kitambaa, kijiwe kwa kijiwe, hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Hapo ndipo nilipoona kile ambacho yule mwalimu wa darasa la nne hakukifikiria. Mwezi wangu ni mwezi wake. Jiwe linalonijua mimi linamjua na yeye, tena yeye kwanza.

"Ya pili nakupatia bure," fundi alisema kwa upole. "Siombi kitu, maman. Beba zote."

Nilitaka kuipindua ile meza. Yeye alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba hata mtu asiyenijua yuko tayari kula hasara ili dada yangu asikose. Niliziacha zote mbili pale, nikaondoka bila kuaga.

Siku chache baadaye nilipanda hadi hoteli ya Karavia, kwenye duka la vito lenye milango ya vioo, baridi ya mashine, na msichana mwenye kucha ndefu anayesema Kifaransa tu. Safari hii nilikuwa mjanja. Aliponiuliza jina nilimpa la ubatizo, ambalo wanalo nusu ya wanawake wa parokia. Hakuniuliza kabila wala ndugu. Aliniuliza tu kama ni ya zawadi.

"C'est pour moi," nikamjibu, yaani ni ya kwangu.

Nilitoka nimevaa bangili moja ya amethisto. Wiki ile yote niliandika ubaoni kwa mkono ule, na mimi pia nikakunja mkono wa blauzi. Yule mwalimu wa darasa la nne alipiga makofi. Usiku sikuota ndoto, wala sikupata homa, wala mtu wa nyumbani hakuumwa hata kichwa. Nilikuwa na furaha, na ninaandika hivyo kwa kuwa ilikuwa kweli.

Jumapili baada ya misa nilienda kwa mama. Ningeweza kuivua njiani nikaiweka mkobani, na mambo yangeishia hapo. Lakini niliivaa makusudi. Nilitaka aione, aulize, nami nimwambie neno ambalo nilikuwa nimelirudia kichwani tangu Karavia: mama, niko peke yangu, miaka yote hii niko peke yangu, na hii ni ya kwangu.

Mama amezeeka na macho yake hayaoni mbali, lakini akili yake ni nzima. Nilipompa uji kitandani alinishika mkono.

"Iko nini hii?"

"Iko jiwe ya mwezi ya kuzaliwa, mama. Ya mwezi ya pili."

Akaisogeza karibu na uso. Akapitisha vidole kijiwe kimoja baada ya kingine, kama anavyofanya na rozari, mpaka akafika alipoanzia.

"Ulinunua ngapi?"

"Moya," nikasema. "Paka moya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, kwa laana, hata kwa kilio. Badala yake uso wote wa mama ukalainika.

"Aksanti, mwanangu," alisema. "Ulifikiria mukubwa yako." Akaupapasa mkono wangu wa pili, ambao haukuwa na kitu. "Sasa ya kwako iko wapi?"

Nilichukua kijiko nikaukoroga uji wake.

"Unajisahaulaka," aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Kila siku unatangulisha mwenzako. Juu ya nini haukujinunulia ya kwako? Weye pia uko mwanangu."

Tangu nilipokuwa mtoto nilimngoja aniulize swali lile. Nililingoja na nta mkononi, nikalingoja siku wale wajomba wa Kasenga walipotoka mlangoni. Sasa aliniuliza, na ili nimjibu ukweli ilinipasa nimwambie mama mzee kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumfikiria mtoto wake hata kidogo. Sikuweza. Nilikuwa na hasira ya kutosha kufika mpaka pale, haikutosha kuendelea.

"Nitanunua siku ingine, mama," nikasema.

"Usisahau. Haya, mupelekee."

Nilipiga magoti, nikalivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Mwanasesere alikuwepo, nywele zimemtoka, jicho moja limegoma kufumba. Nikaivua bangili na kuilaza kando yake. Nilimchukia dada yangu kwa nafsi yangu yote, mtoto wa miaka miwili, nikamchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu aliye hai, na machozi yakaanza kunidondokea juu ya bati bila mimi kuyazuia.

Mama aliyasikia. Akateremka kitandani kwa shida, akaketi sakafuni karibu yangu, akanifuta uso kwa pembe ya kitenge chake.

"Lia, mwanangu," akasema. "Miye pia namuliliaka kila siku."