Mrithi wa Shamba la Mlimani

Nilijua kutengeneza michezo ya kompyuta kabla sijawahi kutuma barua pepe hata moja, na nalisema hilo bila kujidai wala kujishusha. Miaka ile viwanda vya Morogoro vilikuwa vinabinafsishwa kimoja baada ya kingine, mitumba imejaa sokoni, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa amefungua duka. Mimi nilikuwa mchapaji kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, jirani na soko kuu. Mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye familia yake iliishi mjini hapa tangu enzi za mkonge, alikuwa ameleta kompyuta tatu kuukuu kutoka Dar es Salaam, zenye vioo vya rangi moja tu, kijani. Jumamosi saa nane mchana aliniachia funguo akaenda kwake kula na kulala. Kuanzia hapo mpaka jua linapozama duka lilikuwa letu.

Nikisema letu, nina maana mimi na fundi mmoja Mnyamwezi, aliyepunguzwa kazi kiwandani akageukia kutengeneza redio. Wenzetu wengine walikuwa Dar, watano au sita hivi, na sura zao hatukuzijua. Tulijuana kwa disketi. Unatengeneza mchezo wako, unauweka kwenye disketi, disketi unaitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha unamkabidhi kondakta wa basi. Baada ya wiki mbili inarudi na mchezo wa mwenzako pamoja na karatasi ya maneno makali kuhusu wa kwako. Mmoja aliwahi kuniandikia kwamba nyoka wangu anatembea kama ana bawasiri. Nilicheka siku nzima, halafu nikamrekebisha nyoka.

Sheria zetu zilikuwa mbili. Mchezo uenee kwenye disketi moja na nafasi ibaki. Na anayenakili anaruhusiwa kuongeza chake, lakini asifute cha mwenzake. Wakati huo vijana wa mjini walishaanza kuonja michezo ya kwenye CD, yenye magari yanayong'aa na damu inayoruka, wakatuona sisi washamba. Hatukujali. Tuliipenda michezo ya mtindo wa zamani, ya vidoti na milio ya pi pi, kwa sababu ile mtu mmoja aliweza kuitengeneza yote peke yake, kuanzia mlima hadi mlio. Watu wangu niliwachora kwanza kwenye daftari la hesabu lenye vijumba, nikijaza kijumba kimoja kimoja kwa penseli, ndipo nikawahamishia kwenye kompyuta. Nilikuwa hodari. Fundi mwenyewe, mtu mgumu wa kusifu, alikubali hivyo.

Mchezo wangu mkubwa kuliko yote niliuita Shamba la Mlimani. Mchezaji analima matuta, anapanda ndizi na maharage, anafukuza ngedere, kisha anabeba tenga mpaka sokoni kabla mvua haijaikata njia. Ana roho tatu. Roho ya kwanza ni baba mwenye shamba. Akianguka korongoni, au akikumbwa na nguruwe pori, shamba linachukuliwa na mwanawe wa kiume, ambaye ndiye roho ya pili, na huyo akifa anafuata mjukuu. Hapo ndipo nilipojivunia hasa. Kwenye michezo ya wenzangu mtu alikufa akaamka yuleyule, anajipangusa vumbi. Kwenye wangu watu walipita, shamba likabaki.

Shamba lenyewe halikuwa la kubuni. Lilikuwa la mama yangu, Mluguru, huko juu Uluguru, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini. Mama alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na sasa shamba lilikuwa linauzwa. Kaka yangu alikuwa amempata mfanyabiashara wa Dar aliyetaka kulima koliflawa na stroberi za kupeleka hotelini, naye kaka alitaka kufungua duka la mitumba. Sikupinga. Baba yetu ni Mpare, tulikulia mjini kwenye nyumba yake na kwa desturi zake, na kwao shamba ni la mtoto wa kiume, mimi ni wa kike. Kaka aliponipa habari nilisema sawa, nikaingia chooni nikalia. Pale shambani ndipo mahali pekee nilipomsikia mama akicheka kwa sauti. Nikajiambia kwamba kama nimelikosa lenyewe, walau nitalibakiza kwenye disketi, kila tuta mahali pake.

Jumamosi moja, tukiwa tunaujaribu mchezo kabla ya kuutuma, mjomba alibisha mlango. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mama, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa ardhi ya ukoo wao huko mlimani. Alikuwa ameshuka na ndizi sokoni, na mfukoni alikuwa na karatasi aliyopewa na kaka yangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nina barua ya kuchapwa, ile ya shamba. Ikishachapwa nitie sahihi niipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji."

Nilimwambia akae, nimalize kilichopo mezani halafu nimchapie. Kwa kweli sikuwa na cha kumaliza, nilikuwa navuta muda. Akakaa nyuma ya fundi, akatazama kioo. Haikupita dakika akasogeza stuli mbele.

"Hapa si kwetu hapa? Huu si mgomba wa dada, ule wa pembeni?"

Nikamwambia ndiyo. Fundi akampisha, na mjomba akaanza kulima kwa kidole kimoja, akibonyeza vitufe kwa nguvu. Alikuwa na makosa ya kunitajia tangu tuta la kwanza. Nguruwe wangu walitoka juu, msituni, yeye akasema nguruwe wa pale wanatoka bondeni kwenye matete, na kila mtu anajua. Ndizi nilizipanda upande wa upepo. Mengine sikukubaliana nayo, ila la nguruwe nilikubali. Nikaufungua mchezo, nikabadilisha mistari miwili, nguruwe wakatokea bondeni. Mjomba alifurahi mno.

Kisha mtu wake akateleza akaingia korongoni. Kompyuta ikalia pi, na juu ya tuta akatokea mtu wa pili, mfupi kidogo, jembe begani.

"Huyu nani?"

"Mwanawe. Amerithi shamba."

Mjomba aliondoa kidole kwenye kibodi. "Haiwezekani."

"Haiwezekani vipi?"

"Mwenye shamba akifa, shamba linarudi kwenye lukolo." Lukolo ni ukoo, na kwa Waluguru ukoo unahesabiwa kwa mama. "Huyu mtoto ni wa lukolo la mama yake, akalime kwa mama yake. Shamba hili ni la watoto wa dada wa marehemu. Umeweka mgeni."

Nilipandwa na hasira, ile ya fundi cherehani anayeambiwa mkono wa shati umekaa nyuma mbele. Nikasema mjomba, huu ni mchezo tu.

"Nguruwe si ulimbadilisha?"

Fundi akadakia kwa utani, maana Wanyamwezi na Waluguru ni watani. "Muache, mjomba. Huyu Mpare, ameubania ukoo wenu hata kwenye kompyuta."

"Nyamaza mtani. Nyie mlipita hapa mmebeba mizigo ya watu, mashamba yanawahusu nini? Na nani kakwambia huyu ni Mpare? Mama yake ni nani?" Akanigeukia mimi. Hakuwa anatania tena. "Wewe ni wetu."

Umri wote ule sikuwahi kuambiwa maneno hayo matatu. Nilikuwa nikijiona mtoto wa Mpare ambaye mama yake ana shamba mlimani. Nikauliza, "Kwa hiyo shamba la mama ni la nani?"

"Lenu, wewe na kaka yako. Kaka yako alime mpaka achoke, hakuna wa kumzuia. Lakini wanawe ni wa kwa mama yao. Wa kulibakiza kwetu ni wewe na watakaotoka tumboni mwako. Ndiyo maana barua hii ilinipa shida. Nikasema, kama mwenyewe ameridhia, mimi nani?"

Akaitoa. Mwandiko wa kaka niliujua, herufi zimelala upande wa kulia. Ilianza: sisi watoto wote wa marehemu tumekubaliana kwa hiari yetu.

"Uliulizwa?" mjomba akasema.

"Niliambiwa."

"Nakuuliza kama uliulizwa."

"Sikuulizwa."

"Basi nakuuliza mimi."

Kwenye duka lile nilikuwa nimechapa barua za mapenzi, za kufukuzana kazi, za kuomba udhamini na za kumshitaki jirani kwa ajili ya mbuzi. Sikuwahi kuirudisha barua ya mteja. Hiyo niliikunja nikamrudishia mjomba mkononi, nikamwambia siichapi, na asiipeleke kwa mchapaji mwingine yeyote, kwa sababu mimi sijakubali na sitakubali. Fundi akapiga kofi moja mezani. Mjomba aliitia karatasi mfukoni, akaniomba nimrudishie mchezo, na niweke mtu anayestahili.

Mtu anayestahili alinichukua robo saa. Nilimwongezea yule wa pili vidoti sita kiunoni, akawa amefunga kanga, na nikaandika kwamba shamba linakwenda kwa binti wa dada. Jioni ileile nikaenda Kihonda kwa kaka.

Nilimkuta anapanga marobota ya mitumba aliyoanza kuyaleta hata kabla ya kuuza. Nilimwambia habari yote nikiwa nimesimama. Akanisikiliza, halafu akacheka.

"Umefundishwa ukoo na kompyuta?"

"Nimefundishwa na mjomba."

"Sisi ni watoto wa Mpare. Shamba ni la mwanaume."

"Na la Upare ulishapewa," nilisema. Baba alipostaafu akarudi kwao Same, alimkatia kaka kipande chake, mimi hakunikatia, wala sikuuliza. "Kwa baba ulipewa kwa sababu ni mwanaume. Kwa mama unataka kuchukua kwa sababu ni mwanaume. Mimi niliyezaliwa na watu haohao wawili ni mtoto wa wapi?"

Aliinamia robota moja, akaanza kulifungua kamba. Nakiri kwamba ilinifurahisha. Niliondoka bila kunywa maji. Mnunuzi alikwenda kutafuta mahali pengine, na kaka hakukanyaga kwangu masika yote.

Mchezo nao ulinigombanisha na Dar. Bahasha ilirudi na karatasi: kuna kosa kwenye roho ya pili, nimelisahihisha. Jamaa alikuwa amefuta kanga na kumrudisha mtoto wa kiume, akivunja sheria yetu mchana kweupe. Nilimwandikia kurasa mbili, karibu bila matusi. Nilimweleza lukolo ni nini, nikamwambia kwamba mlima ule una wenyewe na mwenyewe mmojawapo ndiye anayemwandikia. Akaomba radhi. Baadaye nilisikia Shamba la Mlimani limefika Tanga na Mwanza, kwenye disketi za watu nisiowajua, na kanga yangu iko palepale kiunoni.

Vuli ilipokaribia nilipanda mlimani kwenda kulima. Nilikuwa na jembe la mama na mikono laini ya mchapaji, na katikati ya asubuhi malengelenge yalikuwa yameshatoka. Nikasikia hatua za mtu zikipanda njiani. Alikuwa kaka, jasho limemlowesha, jembe begani. Hatukusalimiana vizuri. Alisimama kwenye ukingo wa tuta la chini, akalitazama shamba lote mpaka kwenye mgomba wa pembeni, akavua viatu.

Kaka yangu ananizidi miaka saba. Tangu nipate akili alikuwa ananiambia: leta, nenda, acha. Mimi najibu: sawa.

"Tuanzie wapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha.